Kilo za Kukisia

Jumatatu, 3 Juni
Mvua ya asubuhi. Nimekaa dirishani ofisini na chai yangu, naota macho wazi. Mfumo mpya wa hospitali unakataa baadhi ya watoto wa wodini. Unawasoma kutoka hifadhidata ya zamani, ambamo wodi bado inaandika, unaandika "aina ya data hailingani" — basi! Mtoto gani? Safu ipi? Kimya. Na aliyekataliwa haonekani kwenye skrini ya daktari. Bosi kasema nisijisumbue, watarekebisha wodini. Warekebishe nini, nao hawajui kilichoharibika?

Jumanne, 4 Juni
Nimeota ukumbi wenye milango mingi, yote imeandikwa neno lilelile. Nimeamka nikicheka. Halafu nikawakumbuka watoto, kicheko kikaisha.
Naandika upya ujumbe wa kosa: utaje mgonjwa, safu, kilichotarajiwa, kilichokutwa. Dada kapiga simu, mawazo yangu mbali, nikaitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Kumbe nimekubali kuwapikia wageni wake!

Alhamisi, 6 Juni
Ujumbe umesema! Safu: uzito. Kilichotarajiwa: namba. Kilichokutwa: "kama sita". Mwingine: "kama tisa hivi".
Nikashuka wodini. Nesi mkuu wala hakuona haya. Mizani imekufa zamani, wanambeba mtoto mikononi na kukisia. Wakiandika sita tupu, daktari ataamini mtoto amepimwa kweli. Mfumo wa zamani ulipokea maneno yoyote. "Sisi hatutaki kudanganya, mwanangu." Nimempenda papo hapo.
Bosi kasema dawa yake rahisi: futa "kama", ibaki sita. Mstari mmoja tu wa programu. Kweli, mmoja. Lakini dozi ya dawa hupigwa hesabu kwa kilo! Nimetazama mawingu mpaka chai ikapoa. Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni
Bosi anataka mstari wake uingie kabla ya chakula cha mchana. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Kasema baraka haimo kwenye mkataba. Katoka kidogo, naandika mbiombio.
Mfumo umetoa kosa jipya. Uzito: "kama mbili, anazidi kupungua". Nimepiga simu wodini. Nesi mkuu kasema nisikate, anakwenda kumpima mtoto kwa mizani ya jikoni. Simu iko wazi mezani. Nasikia viatu vyake, na anavyombembeleza taratibu, hata mimi nalegea.
Bosi huyo, karudi. Anauliza nimeshafuta? Namsogezea simu, kidole mdomoni — asikilize.