Siku Wakili Alipobaki Ng'ambo ya Barabara

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la vyuma.
Jumatano, tarehe 16.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepona, na kile kikohozi ulichokuwa ukinikoholea kwenye simu kimekwisha. Sisi tunapumua. Shemeji yako goti bado linamsumbua, anapanda ngazi kama mtu aliyebeba kabati, lakini ukimwambia aende hospitali anakumbuka ghafla kwamba ana ratiba ya muhula ya kupanga. Mimi macho yananiuma kwa sababu ya sare za shule. Wameniletea kitambaa cheusi na uzi mweusi, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Watoto wako ni wazima na wanakuamkia. Kipaza anakuamkia kwa moyo mweupe. Dada yake, Wakili wetu wa maswali, nitakueleza.

Kwanza ujue nimekasirika. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, ya pili niliilowesha mwenyewe kwa machozi. Hii ya tatu naiandika mchana kweupe kwenye meza ya kukatia vitambaa, wateja wananisubiri, na wasubiri.

Wewe ndiye uliyewaambia watoto kwenye simu, mwezi uliopita, kwamba mbio za pikipiki zikija mjini utakuwepo, mtazitazama pamoja kwenye kona ya posta ya zamani. Hukusema Mungu akipenda. Hukusema nikipewa likizo. Ukataja na siku. Wakili akaiandika ukutani juu ya kitanda chake kwa kalamu isiyofutika. Nimejaribu kwa sabuni, nimejaribu kwa spiriti, haifutiki.

Halafu siku tisa kabla ukanipigia mimi. Si wao, mimi. Likizo imekataliwa, meli haina fundi mwingine wa mitambo, dada waeleze kwa upole. Kwa upole! Utamu wa kuahidi unakuwa wako, na upole unakuwa kazi yangu.

Na mimi nikakosea. Hili nakiri mapema usije ukalifanya silaha. Sikuwaambia. Kila siku nilisema kesho, na kila kesho Wakili ananikuta kwenye cherehani na swali jipya: shangazi, baba atanitambua nikisuka hivi? Shangazi, baba bado anapenda rangi ya njano? Mtoto wa miaka kumi na moja, hajakuona tangu mazishi ya mama yake. Ungemjibu nini? Nilisema tutaona, baba yenu akipata nafasi. Kisha nikamshonea gauni la njano. Ndivyo nilivyokuwa mwoga.

Jumapili tukaenda. Nilijiambia makelele yatawasahaulisha. Shemeji yako akabaki na goti lake. Barabara zote za katikati zimefungwa tangu alfajiri, tukazunguka kwa miguu hadi nikajuta kuvaa viatu vya harusi. Kipaza alitaka kwenda haja kabla hatujatoka kwenye geti, akataka tena kwenye duka la dawa, akataka tena tulipofika. Unajua mwenyewe kwa nini tulimpa jina hilo. Mtoto huyo hanong'oni, na haja yake ilijulikana mtaa mzima.

Tukapata nafasi kwenye kona ile ile, penye nguzo ya taa. Pembeni wamepanga marobota ya nyasi kavu na kamba, basi. Barabara ni hii hii ninayovuka kila siku kwenda kununua vifungo. Mbio za kwanza, za pikipiki ndogo, zikapita. Mdogo wangu, ile si sauti, ni mtu kukuchania shuka ndani ya sikio. Ila nguo za ngozi za waendeshaji nimezitazama kwa jicho la kazi: bega lina mishono mitatu, goti limewekewa kipande kigumu, nao wanakilaza kwenye lami huku wanakata kona. Kwa dakika nzima nilisahau kukasirika.

Kipaza akataka haja mara ya nne. Nikamwambia Wakili ashike nguzo na mkoba, asisogee hata unyayo. Tuliporudi mkoba ulikuwa unaning'inia kwenye nguzo. Mtoto hayupo.

Sijui kama umewahi kumwita mtoto mahali ambapo kipaza sauti kinaita kuliko wewe. Nimeita mpaka koo limekauka. King'ora kikalia, kamba ikafungwa, na ndipo nikaliona gauni la njano. Liko ng'ambo ya pili. Alikuwa amevuka barabara ilipofunguliwa kati ya mbio na mbio, akimfuata mwanamume mwenye koti la buluu kama lile ulilovaa kwenye picha uliyotutumia.

Nikamwendea msimamizi wa kona, kijana mwenye bendera na fulana ya rangi ya chungwa.

"Nivushe, mwanangu yuko kule."

"Mama, barabara imefungwa."

"Inafunguliwa lini?"

"Wakimaliza mizunguko kumi na miwili."

"Mzunguko mmoja ni muda gani?"

"Dakika mbili na kitu."

"Na hicho kitu ni kiasi gani?"

Akanitazama kama nimemtukana. Nikaweka mguu juu ya robota. Akanishika mkono, kwa heshima, lakini akanishika kweli. "Mama, ukiingia humo utaua mtu, na huyo mtu anaweza kuwa wewe. Mtoto yuko nyuma ya kizuizi, yuko salama."

Hakuwa nyuma ya kizuizi. Alikuwa amepanda juu yake. Kumbe yule mtu wa koti alipogeuka na kuonekana si wewe, Wakili hakukata tamaa. Alipanda robota ili aweze kuona nyuso za watu wote wa upande ule, na alikuwa anazichambua moja moja. Msimamizi wa upande wake alikuwa amempa mgongo. Pikipiki zikaja, ishirini na kitu kwa pamoja, gauni likavutwa na upepo wao, mtoto akayumba, akasimama sawa, akaendelea kutafuta. Hakuzitazama hata mara moja. Nilipunga mkono, nikapunga kitambaa, nikapunga mkoba. Hakunitafuta mimi, kwa hiyo hakuniona.

Nikahesabu mizunguko mitatu hivyo. Zikija simuoni, zikipita namwona, na kila nikimwona namshukuru Mungu na kukulaani wewe. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye mzunguko wa nne, zilipotokomea nyuma ya soko na barabara ikanyamaza, Kipaza akaniachia mkono. Akapanda juu ya kiti cha msimamizi, akajaza kifua, akapiga kelele:

"Dada! Baba hajaja! Hatakuja! Teremka!"

Kona nzima ilimsikia. Watu waliacha kula. Mtangazaji mwenyewe alinyamaza, au labda ilikuwa bahati tu. Wakili akatutazama. Kutoka pale nilipokuwa sikuuona uso wake vizuri, niliona mabega tu, yalivyoshuka. Akateremka kwenye robota polepole kama mtu mzima. Mtu wa koti la buluu akamshika bega, akamwongoza hadi nyuma ya ukuta wa posta.

Mzunguko wa saba mwendeshaji mmoja akaanguka kwenye kona hiyo. Pikipiki ikateleza yenyewe, ikaingia kwenye marobota ya upande ule, nyasi zikaruka hewani kama mto umepasuliwa. Sitakudanganya kwamba ni robota lile lile alilosimama. Lilikuwa la tatu kutoka lile. Baadaye nilihesabu hatua. Ni saba.

Mwendeshaji aliinuka, akachechemea, akaipiga teke pikipiki yake mwenyewe. Mimi nikakaa chini kando ya barabara na viatu vyangu vya harusi. Mbio zikasimamishwa. Sasa unadhani walifungua njia? Mafuta yamemwagika, mchanga uletwe, mchanga ufagiliwe, bosi wao aje auangalie mchanga. Dakika arobaini, mdogo wangu! Nimemwambia yule kijana wa bendera maneno ambayo Kipaza anayarudia mpaka leo.

Walipofungua nilivuka mbio. Mtu wa koti kumbe ni fundi bomba, amekuja na wanawe wawili. Alikuwa amemvisha Wakili vizuia sauti vyake vya masikioni. Akaniambia pembeni, "Alinishika koti kwa nyuma akaniita baba. Nilipogeuka akaniamkia, akaniomba radhi." Nikamshukuru.

Wakili hakulia. Aliniuliza kama wanavyouliza mahakamani.

"Shangazi, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe?"

"Nilimsikia shangazi kwenye simu," Kipaza akasema, na safari hii kwa sauti ndogo. "Nilidhani unajua. Wewe si ndiye mkubwa?"

Tukarudi nyumbani bila kujua nani ameshinda. Shemeji yako alitusubiri mlangoni na chai, akauliza mbio zilikuwaje, akaona nyuso zetu, akarudi ndani na goti lake.

Tangu hapo Wakili ananiongelesha kwa mahitaji tu. Shangazi, chumvi. Shangazi, mlango unagongwa. Nilimwomba msamaha Jumapili ile ile, nikapiga na magoti, akanijibu asante, kama mtu anayepokea risiti. Yananistahili. Lakini mengine ni yako, na hayo siyabebi tena. Kuanzia leo ukiwa na habari njema uwapigie wao, na ukiwa na habari mbaya uwapigie wao hao hao. Waambie kwa mdomo wako. Wakilia, sikia wanavyolia. Mimi nitakuwa hapa hapa kuwafuta machozi, hiyo ni kazi yangu na siikatai, lakini ulimi wako sitakuwa. Na usinitumie zawadi ya kunituliza. Usiwatumie na wao.

Najua huko si starehe. Najua joto la ile mitambo, na najua tangu wifi yangu atutoke unaogopa kuingia kwenye nyumba asiyokuwemo. Hujawahi kusema, lakini nilikubeba mgongoni, nakujua. Ogopa, ila uje ukiogopa hivyo hivyo. Watoto hawa wanakua. Mikono ya gauni lile la njano ilishakuwa mifupi siku hiyo hiyo alipolivaa.

Jana mchana alikuja hapa mezani, akavuta kigoda, akaanza kunikatia nyuzi za sare bila kuambiwa. Alikata kama nguo sita hivi. Kisha akasema bila kuinua macho:

"Ukimwandikia baba, mwambie asitaje siku tena. Aje tu."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Sikuongeza, sikupunguza.

Shemeji yako anakusalimu sana. Mama mkubwa anakusalimu na anauliza kama unakula. Jirani wa duka la vyuma naye anakusalimu. Msalimie mpishi wenu, yule anayekusomea barua zangu kwa sauti mnapokula. Hii usimpe, isome peke yako.

Mungu akulinde karibu na mitambo hiyo, akupe usingizi, na akupe moyo wa kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi,

Shangazi wa watoto wako.