Sikuzinyoa nywele za Furaha

Alhamisi, Walikale. Mvua imenyesha asubuhi, ikakatika, ikarudi tena mchana. Sasa jua linatua na réseau ya simu imerudi kidogo, kwa hiyo naandika haraka. Mikono yangu ni ya kahawia mpaka kwenye kucha. Nina hasira, lakini ile hasira nzuri inayokufanya utake kufagia nyumba nzima.

Wiki hii wameniuliza tena: Riziki, vita iko karibu, na wewe bado unafungua saluni?

Nafungua. Kule Masisi, nilikokuwa na saluni kwanza, waliniibia kila kitu: kioo, viti, mpaka pazia la mlango. Kazi yangu hawakuweza kuibeba. Basi nafungua.

Leo asubuhi aliingia Furaha, msichana wa Ntoto anayekaa hapa kwa shangazi yake tangu watu wa kijiji chao walipokimbia. Jumamosi anaolewa. Nyuma yake alikuja mama wa bwana harusi, Mama Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vitenge karibu na soko letu. Alikuwa na mfuko mkononi na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

Furaha akavua kitambaa.

Mungu wangu.

Alikuwa ameona kwenye simu rangi nzuri ya asali, akanunua sokoni dawa ya kuondoa weusi, akajipaka mwenyewe nyumbani. Karibu na ngozi, nywele zilikuwa za rangi ya karoti. Katikati zilikuwa na madoa. Ncha zilikuwa njano kabisa, na nilipolowesha unywele mmoja na kuuvuta, ulirefuka kama mpira, ukakatika.

Mama Muhindo akafungua mfuko wake, akatoa peruki. "Munyoe tu, dada. Nywele za kuvaa njo hizi, iko nzuri sana. Kanisani hakuna muntu atajua."

Furaha akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hapana, Mama."

"Mutoto wangu, watu watacheka."

"Wacheke. Kule porini walininyoa, hawakuniuliza. Hizi zimeota tangu nilitoka kule. Hakuna muntu atanyoa mimi tena, hata kwa harusi."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja jina lake na la baba yake.

Hapa kwetu, msichana akisema "kule porini" na "walininyoa", hakuna anayeuliza walikuwa nani na walifanya nini kingine. Mimi nilikuwa najua, aliwahi kuniambia. Mama Muhindo hakujua, niliona usoni mwake. Nikangoja achukue mfuko wake aende kuvunja harusi, maana nimewaona wanaovunja kwa sababu hiyo hiyo, halafu Jumapili wanapokea komunyo.

Alirudisha peruki ndani ya mfuko polepole. Akakaa kwenye benchi.

"Basi tengeneza," akaniambia.

Sikujua kama amekubali, au anangoja kufika nyumbani ndipo aseme.

Nikiri hapa: niliogopa. Kuondoa rangi tena kusingewezekana, nywele zingebaki mkononi mwangu. Na ukipaka kahawia moja kwa moja juu ya njano ile, ncha zinageuka kijani kama maji ya dimbwi. Nimeona bibi harusi wa kijani, sitaki kumwona wa pili. Kwa hiyo nilijaribu kwanza kwenye shungi moja dogo la nyuma. Kisha nikazipa ncha rangi ya shaba, ili zirudishiwe wekundu zilioupoteza. Nikasuuza, nikakausha kwa taulo bila kusugua. Halafu kahawia nzito yenye bluu kidogo ndani yake, ya kuua ile karoti: kwanza karibu na ngozi, ncha mwisho, kwa sababu nywele zilizoumia zinakunywa rangi haraka.

Nilikuwa namfunika kofia ya plastiki tulipoanza kusikia risasi.

Kwanza mbali, upande wa kilima. Halafu karibu. Barabarani watu wakaanza kukimbia kuelekea parokia, wamama na watoto mgongoni, mtu na mbuzi wake. Rangi ilikuwa mbichi kichwani. Kukaa, hapana. Kuiacha ikaukie huko bila kuoshwa, ingemuunguza ngozi na kumaliza zile nywele zilizobaki. Nikachukua taulo na shampoo. Nilipogeuka, Mama Muhindo alikuwa tayari mlangoni, na bidoni yangu, dumu la maji, kichwani.

Mfuko wa peruki ulibaki kwenye benchi.

Tulikimbia hivyo, bibi harusi na plastiki yake katikati. Katika uwanja wa parokia watu walikuwa wamelala chini kando ya ukuta. Nilimpigisha Furaha magoti nyuma ya ukuta huo huo, nikainamisha kichwa chake. Mama Muhindo akamimina, mimi nikaosha. Maji meusi yakapita kati ya miguu ya watu.

Baba mmoja akainua kichwa. "Ninyi wanawake, watu wanakufa na ninyi munaosha nywele?"

Mama Muhindo hakuacha kumimina. "Njo, tunaosha, Papa. Unataka bibi harusi wetu aungue kichwa?"

Wetu.

Nilihisi mabega ya Furaha yakitetemeka chini ya mikono yangu. Nikadhani sasa analia. Alikuwa anacheka.

Risasi zilinyamaza kabla ya mvua ya mchana. Nani alimpiga nani, kila mtu ana habari yake. Tulirudi saluni, nikazikausha, nikamgeuza aelekee kioo. Kahawia nzito, ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Nyuma ya sikio la kushoto kuna doa lililobaki jekundu, na ncha nimezipunguza kidogo, kwa ruhusa yake, yeye mwenyewe akionyesha kwa kidole mpaka wapi. Alijiangalia muda mrefu. Mama Muhindo alikuja akasimama nyuma yake, akamtengeneza kola ya blauzi.

Sijui kama Jumamosi barabara itakuwa salama, au kama kwaya itafika. Sijui kama Walikale hii itakuwa yetu wiki ijayo. Najua kwamba leo msichana mmoja alisema hapana, na hapana yake ikasikiwa.

Kesho nafungua saa ya kila siku. Furaha anakuja kusukwa, na Mama Muhindo ameniambia, akiangalia pembeni, kwamba na yeye anataka rangi ya kuficha mvi.

Wakianza tena kupiga, tutakimbia na vichwa viwili vyenye rangi. Nitabeba bidoni mbili.