Maelezo ya Tabitha Sumari Kuhusu Kifo cha Mume Wake Kwenye Kombaini, Kisongo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tabitha Philemoni Sumari. Umri: miaka 36. Kabila: Mmeru. Kazi: mkulima. Makazi: Moshono, Arusha.

Mimi ni mke wa marehemu Philemoni Sumari, aliyekuwa dereva wa kombaini ya kuvunia mahindi. Mnamo tarehe 14/08/2024 asubuhi alikuwa anavuna shamba la mzee Koikai, Kisongo, ambaye sasa anashikiliwa hapa kituoni. Nilikuwa nimempelekea mume wangu chai.

Mzee Koikai alichota mahindi kwenye tenki la mashine, akakuta punje nyingi zimevunjika. Alikasirika. Alisema mbele ya vibarua kwamba ikiendelea hivyo, yeye na mume wangu wataonana. Ni kweli alisema, nilimsikia.

Mume wangu alipunguza mwendo wa dramu inayopukuchua, akapanua kidogo nafasi kati yake na wavu wa chini. Punje zikatoka nzima ila zina makapi, akaongeza upepo wa feni. Zikawa safi. Mzee alizitazama kiganjani, akamwambia mume wangu, "Hapo sawa, mwanangu." Ugomvi uliishia hapo.

Baadaye mabua yalikwamisha dramu. Mume wangu alizima injini, akafungua kifuniko cha ubavuni. Alimwomba mzee apande kwenye kiti cha dereva, awashe akiambiwa. Ukiwa kwenye kiti humwoni mtu aliye ubavuni.

Mume wangu alisema, "Washa."

Mzee aliuliza, "Umetoa mkono?"

"Nimetoa, mzee. Washa."

Alikuwa ametoa kweli. Kisha aliona gunzi limebaki, akarudisha mkono. Nilimwita mume wangu. Injini ilikuwa imeshawaka, dramu ikamkamata mkono.

Mzee alizima papo hapo, akavua shuka lake akamfunga nalo mkono kuzuia damu. Yeye ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Mume wangu alifariki kabla hatujafika hospitalini.

Mashemeji zangu wamenitaka nieleze yale maneno ya hasira tu, niishie hapo. Nawaheshimu, na msiba ni wetu sote. Lakini nilikuwepo. Mzee Koikai hakumuua mume wangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na ninayatilia saini kwa hiari yangu.

Saini: T. P. Sumari

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake na kukiri kuwa ni sahihi. Ameomba sehemu ya mwisho isomwe tena mlango ukiwa wazi, ili shemeji zake walioketi kwenye benchi nje wasikie. Imesomwa.