Bibi Asiye na Cheti

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Huku Usoke hatujambo, ila mdogo wako anaota meno na mimi silali. Umeuliza kama huyo bibi asiye na cheti, anayekufundisha kufuga nyuki huko Sikonge, umwite mwalimu.

Nilipoanza kilimo cha tumbaku, jirani yangu Mama Kulwa, asiyejua kusoma, aligusa ukuta wa bani, kile kibanda cha kukaushia majani kwa moto. "Punguza moto, binti." Nikamwonyesha karatasi ya maelekezo. Akacheka, "Hiyo karatasi ina mkono?"

Sikupunguza; tumbaku yangu yote ikakauka kabla ya kuiva, kijani, ya kutupwa. Kesho yake alikuja kunifundisha upya, wala hakunisuta. Nikamwambia, "Shikamoo, mwalimu." Akageuka kutazama nani ameingia.

Wako umwite mapema, azoee.

Mama yako mdogo,
Tatu