Mstari Wako wa Mbaazi

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hata usipoitikia nimeshaamkia, usije ukasema tena sina adabu.

Hapa Endasak bingwa wa kunguni wa mimea ni mimi. Usicheke. Kidato cha pili nilikiacha mwenyewe kabla hakijaniacha, lakini mdudu akitua kwenye mbaazi naitwa mimi, na hata watu wa kijiji cha Gitting wananitumia picha kwa simu. Nawajibu kwa maringo, kumbe maneno ni yako: "Mgeuze kwanza. Mdomo ndio unasema anakula nini." Mdomo mrefu, mwembamba, umelala tumboni, huyo anafyonza mbaazi. Mfupi, mnene, umepinda, huyo anawinda wadudu wenzake, mwache.

Unakumbuka nilivyomkamata mmoja nikakuambia mimi sina haja ya kumgeuza? Akanidunga kidole, nikalia mpaka mama akatoka jikoni. Ukanifunga kipande cha kanga huku unacheka: "Hongera, profesa. Umepata digrii."

Sasa sikia. Tangu tukuzike, mstari wako wa mbaazi pale ukingoni hakuna aliyeugusa. Mingine tunaing'oa tukishavuna, wako unachipua tena. Mwaka huu maganda ya shamba zima yalinenepa kwa nje, ndani mbegu zimesinyaa. Baba akasema kunguni wanajificha kwenye mstari wako, wanangoja msimu. Nikambishia, nikasema hao ni wale wawindaji, mimi nawajua.

Asubuhi, baridi ikiwa bado imewashika hawawezi kuruka, nilitikisa matawi yako juu ya beseni. Wakadondoka wakijifanya wamekufa: kahawia, miiba mabegani. Nikamgeuza mmoja. Nikamgeuza wa pili, natamani mdomo uwe umepinda. Midomo yote ilikuwa mirefu, dada, imelala tumboni.

Mstari wako nimeukata mwenyewe. Sikutaka panga la mtu mwingine lipite pale. Baba akaja kusimama karibu yangu, akasema taratibu, "Hata yeye angekata."

Kwenye maganda yako nilipata mbegu nzima za kujaza kiganja. Nimezifunga kwenye kile kipande cha kanga, mama alikuwa amekitunza. Mvua ikinyesha nazipanda palepale, na kila kunguni atageuzwa.

Kudungwa siogopi tena. Ila nikidungwa, nani atanicheka?

Lala salama, dada.

Mdogo wako,
profesa