Toleo la Mwisho la Isgang

Ijumaa, 5 Machi 1976
Imeamuliwa. Toleo la nne la Isgang ndilo la mwisho. Wasomaji hawatoshi! Eilert, mhariri wetu, amesema jarida limezaliwa, limekohoa, limekufa. Nikacheka. Kisha nikaenda kulia chooni. Isgang — barafu ya mto inapopasuka. Jina kubwa kuliko sisi wawili na siasa zetu na mashairi yetu.

Lakini hatufi kimya! Ukurasa mzima utakuwa kwa Kisami, lugha ya Wasami, wenyeji wa huku kaskazini mwa Norwe. Mwalimu Ravna anasimulia alivyochapwa shuleni kwa kusema lugha ya mama yake. Mchapaji kalalamika hana herufi za Kisami. Eilert kamjibu azichore kwa mkono basi.

Jumapili, 21 Machi
Nimetoka mjini Tromsø kwenda kwa mama kijijini, kule fjordi, ghuba iliyobanwa na milima. Chewa wa kuchemsha na maini yake — nimekula hadi nikafungua kifungo cha sketi. Nikamwekea jarida mezani. Akafunua, akafunua. Kwenye ukurasa wa Ravna kidole kikasimama. Midomo ikacheza.

"Mama, unasoma?"

"Nani, mimi? Natafuta miwani."

Miwani iko puani!

Nikamkumbusha bibi alivyokuwa akisema na ng'ombe zizini. Hasa kwa lugha gani? Akawaka. "Sisi Wanorwe, Solbjørg. Nimekulea usichekwe na mtu. Usiniletee balaa nyumbani kwangu."

Alinificha lugha kama mtu anavyomfunika mtoto baridi isimpate. Nimkasirikie vipi?

Jumanne, 13 Aprili
Eilert kapiga simu, anapiga kelele kama kichaa. Kule kwa mama wazazi wanasomeana ukurasa wa Ravna majikoni! Jarida linapita mkono kwa mkono mpaka limechanika. Sasa wanadai watoto wafundishwe Kisami shuleni. Mkuu wa shule, Bwana Rønning, hataki hata kusikia. Kutakuwa na mkutano.

"Maiti yetu inatembea, dada!" anasema Eilert.

Alhamisi, 29 Aprili
Ukumbi wa shule. Naandikia gotini. Watu wamejaa hadi mlangoni, wengine na mabuti ya uvuvi. Mama yuko kando yangu — kaja kunywa kahawa tu, ati.

Rønning anauliza Kisami kitawafikisha wapi watoto, zizini? Wengine wanacheka. Mama hacheki. Rønning anaongeza kwamba hapa hakuna hata mzazi mmoja anayekijua vizuri. Nani? Anyooshe mkono.

Watu wanatazama viatu vyao.

Mama kasimama! Kashika kiti cha mbele. Rønning, kwa adabu: "Mama, keti kidogo, zamu yako bado."

Haketi. Anafungua mdomo — si Kinorwe! Sauti yenyewe siijui, nyembamba, ya msichana. Sielewi hata neno moja. Nyuma kuna mzee anamjibu. Mwanamke mwingine kasimama. Mwenyekiti anagonga meza, anagonga — mama hamtazami, amenigeukia mimi, ananiambia kitu kwa lugha hiyo, anarudia polepole, anangoja niseme kama yeye —