Mkuu wa Wilaya Hakupika Koboko

Arua, Jumanne, 1974

Daktari wa meno amesema leo kwamba meno ya kupandikizwa ndani ya mfupa hayanifai. "Mzee, hiyo iko Ulaya. Na mfupa yako imekwisha, sukari iko juu. Vaa ya bandia tu."

Nilitaka ya kudumu. Tangu ning'olewe manne ya mbele, f inanitoka kama p. Juzi niliisomea Kampala habari kwa simu: mkuu wa wilaya amefika Koboko. Redio ikatangaza amepika. Leo wanawake wa sokoni wakaniita, "Mwandishi, alipika ugali wa enyasa?" Mkuu mwenyewe hajacheka.

Kosa la pili litaninyima kazi, au zaidi ya...

Basi, bandia. Nitayavua usiku, mradi mchana nitamke f.

Alhamisi asubuhi napimwa ufizi.